Bili ya umeme imekaribia kuwa mara mbili, ya maji nayo imepanda: naisomaje?

Mama_Watatu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mtu anayejua kusoma bili kweli. Bili ya umeme ya safari hii imekuja na fedha karibu mara mbili ya ile iliyopita, na ya maji nayo imepanda, ilhali nyumbani hakuna kilichobadilika. Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto watatu. Hatujanunua chombo kipya wala hatujapata mgeni.

Vyombo vyetu ni friji moja, hita ya bafuni ile ya kupasha maji papo hapo (imeandikwa wati 4,500), runinga na king'amuzi chake, feni moja, pasi, birika la umeme, na taa sita za LED za wati 9 kila moja. Tunapikia gesi.

Bili ya umeme iliyopita ilikuwa uniti 151. Hii ya sasa inasema: usomaji uliopita 18,412, usomaji wa sasa 18,643, matumizi uniti 231. Chini yake kuna ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, ngazi ya tatu, malipo ya huduma na kodi. Bili iliyopita haikuwa na hiyo ngazi ya tatu. Maji yalikuwa mita za ujazo 14, sasa ni 22, na mstari wa majitaka nao umeongezeka.

Mume wangu anasema ni chaja za simu ambazo watoto wanaziacha ukutani. Mimi nalishuku friji, maana ni la siku nyingi. Nataka kujua ukweli kabla hatujaanza kuzima vitu ovyo, au kuingia gharama ya friji jipya bila sababu. Nianzie wapi?

Fundi_Kimya

Dada, kabla ya yote: kila bili inahusu siku ngapi? Na pembeni ya hiyo 18,643 hakuna herufi yoyote?

Mama_Watatu

Iliyopita ni siku 28, hii ni siku 33. Na ndiyo, pembeni ya 18,643 pana herufi K. Pembeni ya 18,412 hakuna kitu.

MsomaMita

Dada, nimefanya kazi ya kusoma mita kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na maswali ya Fundi Kimya ndiyo yenyewe hasa. Ngoja niyafafanue, kwa sababu watu wengi huanza na ile namba kubwa ya fedha iliyo chini kabisa, na hiyo ndiyo namba inayoficha mambo kuliko zote. Imechanganya vitu vitatu: umetumia kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwa bei ipi. Tuvitenganishe.

Siku kwanza. Gawanya uniti kwa siku. Bili iliyopita: 151 kwa siku 28, ni uniti 5.4 kwa siku. Hii ya sasa: 231 kwa siku 33, ni uniti 7 kwa siku. Kwa hiyo hata kama usingebadilisha chochote, zile siku tano za ziada peke yake zingekuongezea uniti 27. Hizo ni za halali, umezitumia. Namba ya kuandika ukutani ni hii ya kwa siku. Uniti za mwezi mzima zitakudanganya kila mara, maana mwezi wa bili si mwezi wa kalenda.

Sasa herufi K. Geuza bili, mara nyingi nyuma au chini kwa maandishi madogo pana maelezo ya herufi. Kwa namna ulivyoeleza, nina hakika itakuwa ni kadirio. Maana yake hakuna aliyesimama mbele ya mita yako siku hiyo. Namba 18,643 haikutoka kwenye mita, imetoka kwenye hesabu iliyopigwa ofisini, aghalabu kwa kuangalia ulivyotumia miezi ya nyuma. Nenda kwenye mita yako sasa hivi, andika namba unayoiona, kisha piga picha. Kama mita inaonyesha namba ndogo kuliko 18,643, basi umelipishwa umeme ambao bado hujautumia.

Na hapa ndipo ngazi zinapoingia, na ndiyo sababu sipendi kusikia watu wakiambiwa "usijali, bili ijayo itajirekebisha". Uniti zitajirekebisha, ndiyo. Msomaji akija kweli, bili ijayo itakuwa ndogo. Lakini bei ya ngazi hupanda kadiri unavyotumia: uniti za mwanzo ni nafuu, zinazofuata ni ghali zaidi, za juu ni ghali kuliko zote. Kadirio likizidi, uniti za ziada zinakaa kileleni, kwenye ngazi ya tatu. Bili ijayo ikipungua, zinazopungua huenda ni za ngazi ya pili au ya kwanza. Umelipa kwa bei ya juu, umerudishiwa kwa bei ya chini. Tofauti hiyo hairudi mpaka uiombe. Kwa hiyo usikae kimya, peleka picha.

Na maji je? Fanya hesabu ileile. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Zamani: lita 14,000 kwa siku 28, ni lita 500 kwa siku, lita mia kwa kila mtu kati yenu watano. Sasa: lita 22,000 kwa siku 33, ni lita 667 kwa siku. Zimeongezeka lita 167 kila siku, sawa na lita saba kwa saa, usiku na mchana. Ongezeko la namna hiyo kwa watu walewale wenye mazoea yaleyale linanuka uvujaji, na ninaweka shaka yangu ya kwanza chooni. Lita saba kwa saa ni kikombe kidogo tu kwa dakika, kinateremka ukutani mwa bakuli la choo bila hata kusikika.

Kipimo chake: usiku wote wakishalala, funga mabomba yote, soma mita ya maji pamoja na zile tarakimu nyekundu za mwisho. Nyekundu ni sehemu za mita ya ujazo, yaani lita. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua bomba wala kuvuta maji chooni, soma tena. Kama una tangi la juu ya paa, lijaze kwanza, maana tangi likiwa linajaa usiku mita itazunguka bila kuwepo kosa lolote. Halafu tone la rangi ya chakula kwenye kisanduku cha maji cha choo, usivute, subiri nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, umempata mwizi.

Mstari wa majitaka usikushangaze. Sehemu nyingi hawapimi majitaka. Wanachukua matumizi yako ya maji safi na kupiga hesabu ya majitaka humohumo. Ndiyo maana maji yaliyovuja yanalipwa mara mbili: yakiingia na yakitoka.

Lete namba hizo, tutaendelea.

Bahari_Shwari

Dada, mimi naona hesabu zote hizi ni usumbufu. Kuna kile kikasha cha kupunguza umeme, unakichomeka kwenye soketi yoyote na kinasafisha mkondo wa nyumba nzima. Wanasema kinapunguza bili hadi nusu. Jirani yangu anacho na anakisifu.

MsomaMita

Bahari Shwari, najua unasema kwa nia njema, lakini nakusihi na wewe usikinunue, na nitaeleza kwa nini ili isibaki kuwa neno langu dhidi ya neno la muuzaji.

Ndani ya vikasha vile, vile ambavyo kweli vina kitu ndani, mna kapasita. Kapasita hurekebisha jambo linaloitwa kipengele cha nguvu, yaani namna mkondo na volti vinavyokwenda pamoja kwenye waya. Viwandani kwenye mota kubwa hilo lina maana, kwa sababu viwanda vingi hutozwa pia kwa mkondo wanaouvuta bila kuutumia. Mita ya nyumbani haihesabu hivyo. Inahesabu kilowati-saa, yaani zile uniti za kwenye bili, nishati iliyotumika kweli: iliyopasha maji, iliyowasha taa, iliyozungusha feni. Hita ya wati 4,500 itavuta wati 4,500 kikasha kikiwepo na kisipokuwepo. Zaidi ya hapo kikasha chenyewe kina taa yake ndogo inayokula umeme kutwa, na baadhi vimetengenezwa vibaya kiasi cha kuwa hatari ya moto. Jirani yako huenda aliwahi kuwa makini zaidi baada ya kukinunua, au bili yake ilikuwa ya siku chache. Mwombe bili zake mbili, ya kabla na ya baada, ugawe uniti kwa siku.

Fundi_Kimya

Naunga mkono. Nimekifungua kimoja mwenyewe: kapasita moja, taa, na kipande kizito cha saruji cha kuongeza uzito.

Mama_Watatu

Nimerudi na namba. Leo ni siku ya nne tangu tarehe ya mwisho ya bili. Mita ya umeme inasoma 18,621. Iko nyuma ya namba waliyonilipisha! Na K kweli ni kadirio, imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo sana.

Maji: kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, mabomba yote yamefungwa, mita imesogea lita 58. Hatuna tangi la juu. Nimeweka rangi kwenye kisanduku cha choo na haikupita nusu saa bakuli likawa na rangi. Nikafunua kisanduku: maji yanapanda hadi kwenye lile bomba la katikati na kuingia humo polepole.

Hivyo friji limeonewa? Na hata kama kadirio lilizidi, nataka tupunguze. Tunapunguza wapi?

MsomaMita

Umefanya kazi safi kabisa, dada. Tuanze na maji kwa kuwa yamemalizika upesi. Lita 58 kwa saa nane ni lita saba na kidogo kwa saa, ndizo zilezile tulizozitafuta kwenye bili. Choo chako peke yake kinaeleza ongezeko lote. Bomba la katikati ni la kuzuia mafuriko, na maji yakiingia humo maana yake boya linachelewa kufunga. Lishushe: kwenye boya lenye mkono wa chuma unaukunja kidogo kuelekea chini, kwenye boya la plastiki kuna skrubu ya kurekebisha. Maji yasimame chini ya mdomo wa bomba hilo kwa kiasi cha upana wa vidole viwili. Kama baada ya hapo maji bado yanapita, valvu ya kuingiza imechakaa na inabadilishwa. Na kama siku nyingine rangi itapita ilhali maji hayajafika kwenye bomba la katikati, basi ni mpira wa chini uliokauka. Hicho ni kipuri kidogo sana.

Sasa umeme. Toka usomaji wa kweli wa mwisho, 18,412, hadi leo, 18,621, ni uniti 209 kwa siku 37. Gawanya: 5.65 kwa siku. Kabla ya hapo ulikuwa 5.4. Nyumba yako haijabadilika, kama ulivyosema tangu mwanzo. Kwa kasi hiyo, siku 33 zilistahili uniti 186 hivi, wao wameandika 231. Uniti 45 za kubuni, na zote zimekaa juu kabisa kwenye ngazi.

Andika barua au ujumbe mfupi, usilalamike kwa maneno mengi. Taja namba ya akaunti, namba ya mita, usomaji wa 18,643 ulioandikwa K, usomaji wa leo na tarehe yake, ambatisha picha inayoonyesha namba ya mita na usomaji kwa pamoja. Omba bili ipigwe upya kwa usomaji wa kweli. Neno ni hilo: ipigwe upya. Ukisema "naomba mnipunguzie" utajibiwa vingine. Uliza pia kama wanapokea usomaji wa mteja mwenyewe kila mwezi. Kampuni nyingi zinapokea, kwa simu au kwa programu, na hilo linaondoa kadirio moja kwa moja.

Ya kupunguza. Hapa nataka ukae na kalamu, kwa sababu hili ndilo ninalolijali kuliko yote: nyumba nyingi zinahangaika na vitu vidogo vinavyoonekana, na kikubwa kisichoonekana kinaendelea kula. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Basi chukua wati za kila chombo, zidisha kwa saa zake kwa siku, gawanya kwa 1,000.

Hita ya bafuni: watu watano, tuseme dakika sita kila mmoja, ni nusu saa. Wati 4,500 kwa nusu saa ni uniti 2.25. Friji: nakadiria 1.2, nitakueleza namna ya kulipima. Birika la wati 2,000 kwa robo saa ya jumla: 0.5. Feni ya wati 60 kwa saa nane: 0.48. Runinga ya wati 80 kwa saa tano: 0.4. Pasi inajizima na kujiwasha, kwa hiyo ukipiga pasi saa tatu kwa wiki, wastani ni kama 0.3 kwa siku. King'amuzi cha wati 12 kisichozimwa kamwe: 0.29. Taa zote sita kwa saa tano: 0.27.

Jumlisha: uniti 5.7. Mita yako inasema 5.65. Wati za vyombo vingine nimezikisia, soma zako kwenye kibandiko cha nyuma, lakini picha ni hiyo.

Umeona chaja za simu ziko wapi? Hazimo. Chaja ya kisasa iliyoachwa ukutani bila simu huvuta sehemu ndogo ya wati. Umwambie shemeji kwa upole kwamba chaja zote za nyumba hiyo kwa mwaka mzima hazifikii mwezi mmoja wa hita ya bafuni. Ila king'amuzi alichokiacha kikiwaka usiku kucha ndicho anachopaswa kukitafuta: wati 12 mfululizo kwa mwaka ni uniti 105. Kizime ukutani mnapolala.

Hita inachukua karibu asilimia 40 ya umeme wenu. Kupasha maji ni kazi nzito kiasili. Uniti moja kamili inatosha kuchemsha kama lita kumi tu za maji; uniti hiyohiyo inawasha taa yako ya wati 9 kwa zaidi ya saa 110. Kwa hiyo dakika mbili zikipungua kwa kila mtu bafuni, umeokoa uniti 0.75 kwa siku, zaidi ya uniti 22 kwa mwezi, na hizo zinatoka kileleni, kwenye bei ya juu. Hita nyingi za aina hiyo zina swichi ya moto mkali na moto wa kati. Jaribuni ya kati, hasa mchana wa joto. Na kwa kuwa tumeitaja: hita ya wati 4,500 inahitaji waya mnene wa peke yake, swichi yake kwenye kisanduku cha umeme, na waya wa ardhi. Kama swichi ya bafuni inapata moto au ina alama nyeusi, acha kuitumia na mwite fundi leo.

Wenye hita ya tangi, ninyi kinachowaumiza ni tangi kukaa na moto saa zote. Vaa tangi sweta, yaani lizungushie kihami joto, na mlitegee muda. Msishushe joto lake chini ya nyuzi 60 kwa kutafuta nafuu, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Friji sasa. Usilinunulie mbadala kabla hujalipima. Siku ambayo nyumba haina mtu, zima kila kitu ukutani isipokuwa friji, soma mita ukitoka na ukirudi, gawanya kwa saa. Likitumia uniti 0.05 kwa saa, hiyo 1.2 kwa siku ni sahihi. Likifika 0.1 na kuzidi, hapo tuongee. Hata hivyo jaribu kwanza vya bure: funga mlango ukiwa umebana karatasi kwenye mpira wake, ukiivuta ikatoka bila kukaza, mpira umelegea. Livute mbali na ukuta ili mgongo upumue. Barafu ikiwa nene kwenye friza, iyeyushe. Nyuzi 4 kwa friji na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa friza zinatosha, baridi zaidi ya hapo ni kupoteza umeme tu.

Fundi_Kimya

Niongeze kipimo cha haraka. Mita nyingi za kielektroniki zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Kwa mita ya 1,000, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine, kisha gawanya 3,600 kwa hizo sekunde: unapata wati zinazotumika wakati huohuo. Sekunde nane ni wati 450. Zima kitu kimoja, hesabu tena, tofauti ndiyo ulaji wa kile kitu. Kama mita yako imeandikwa 1,600 au 3,200, gawanya jibu kwa 1.6 au 3.2.

Na ukizima swichi kuu ya ndani na taa ikaendelea kupepesa, kuna mtu au kitu kinavuta baada ya mita. Usifungue mita wala lakiri yake, toa taarifa.

Mpangaji_3

Samahani kuingilia, ila nimefuata kila neno. Sisi tuko wapangaji watatu kwenye mita moja, bili tunagawana sawa kwa sawa. Mimi naishi peke yangu, sina hita, na kila mwezi nalipa kama wenye familia. Mwenye nyumba anasema hakuna njia nyingine. Kuna njia?

MsomaMita

Ipo, mdogo wangu, na tatizo lenu ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu ngazi zinawaumiza wote watatu, siyo wewe tu.

Chukua mfano. Tuseme ngazi ya kwanza inaishia uniti 100, na uniti zinazofuata ni mara mbili ya bei. Kaya tatu zenye mita tatu, kila moja ikitumia 100, zinalipa sehemu 300 kwa jumla. Kaya hizohizo kwenye mita moja zinatumia 300: mia ya kwanza kwa bei ya chini, mia mbili kwa bei maradufu, jumla sehemu 500. Umeme uleule. Ndiyo maana mita tofauti kutoka kampuni ni faida hata kwa yule anayetumia sana, na mkienda kwa mwenye nyumba nendeni wote watatu mkiwa na hesabu hiyo mkononi.

Akikataa, fungeni mita ndogo za ndani, moja kwa kila kaya. Fundi mwenye leseni anaziweka kwenye kisanduku. Hazipunguzi ngazi, lakini zinaleta haki. Malipo ya huduma ambayo hayategemei matumizi gawaneni sawa. Kilichobaki kwenye bili, pamoja na kodi yake, kigawanyeni kwa jumla ya uniti za mita ndogo tatu, kila mmoja azidishe kwa uniti zake. Taa za ua na pampu kama ipo zitafanya mita kuu isome zaidi kidogo kuliko jumla ya zenu. Kwa hesabu hii tofauti hiyo inajigawa yenyewe kwa kadiri ya matumizi. Kama mnaona pampu inamnufaisha mmoja zaidi, kubalianeni mapema na muandike.

Someni mita zote nne siku moja, saa moja, mkiwa pamoja, na iwe ni siku ile msomaji wa kampuni anapokuja au karibu nayo iwezekanavyo.

Mama_Watatu

Ujumbe nimeutuma jana na picha mbili, leo wamejibu kwamba watamtuma mtu asome na bili itapigwa upya. Boya limeshushwa, usiku wa kuamkia leo mita ya maji haikusogea hata lita moja. Friji nitalipima Jumamosi tukitoka. Mume wangu ameshika saa mlangoni kwa bafu.

MsomaMita

Vizuri sana. Huyo msomaji akija, simama naye, msome pamoja, na uandike namba hiyo nyuma ya bili uliyonayo. Bili mpya ikifika, angalia vitu viwili tu: usomaji wake uwe sawa na ulioandika, na ngazi ya tatu iwe imepungua kwa uniti zilizozidi au imeondoka kabisa. Friji likizidi 0.1 kwa saa, leta namba hapa pamoja na wati zilizoandikwa nyuma yake.